ERIC LIDDELL: Mtimkaji aliyemtanguliza Mungu uwanjani na kifungoni

KATIKA taifa linalojivunia watimkaji wake kama letu, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba kuna kitu kinachostahili kutangulizwa mbele ya nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mwanariadha hujihimu alfajiri, hujinyima mengi na kuikimbia milima kwa miaka kadhaa, yote hayo kwa ajili ya sekunde chache za siku moja. Ndiposa kisa cha Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kushiriki mbio za mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 1924 kwa kuwa mchujo wake uliangukia siku ya Jumapili, kingali kinasimuliwa makanisani na viwanjani zaidi ya miaka 100 baadaye.

Hata hivyo, wengi wanaokisimulia kisa hicho hukomea Paris. Humsifu shujaa aliyeshika msimamo wake, wakamwacha papo hapo akiwa kijana wa miaka 22 mwenye nishani kifuani. Ukweli ni kwamba Liddell aliishi miaka mingine 20 na ushei baada ya siku hiyo, na ni katika miaka hiyo isiyokuwa na mashabiki ndimo linamopatikana jibu la swali ambalo Mkristo wa kawaida hujiuliza kila uchao. Je, kumtanguliza Mungu kuna maana gani mtu anapoamka Jumatatu, kazi zikimngoja, watoto wakihitaji karo, na hakuna anayemtazama?

Eric Henry Liddell alizaliwa Januari 16, 1902 jijini Tianjin, kaskazini mwa China. Wazazi wake, James na Mary, walikuwa Waskoti waliotumwa huko na Shirika la Wamishonari la London. Haukuwa wakati wa amani. Miaka miwili tu kabla ya kuzaliwa kwake, katika maasi ya Mabondia ya mwaka wa 1900, wamishonari wengi na maelfu ya Wakristo wa Kichina waliuawa. Mtoto huyo basi alizaliwa katika nyumba iliyofahamu kwamba imani ina gharama yake, na kwamba gharama hiyo huenda ikalipwa kwa damu.

Alipokuwa na umri wa miaka sita, yeye na kakake mkubwa, Robert, walipelekwa katika shule ya bweni ya wana wa wamishonari jijini London, ambayo baadaye ilijulikana kama Eltham College. Wazazi wao walirejea China. Tangu hapo, familia hiyo ilikutana kwa nadra, wazazi walipopewa likizo ya kurudi nyumbani. Ni vyema jambo hili likumbukwe, maana miongo mitatu baadaye Liddell mwenyewe angeagana na watoto wake kwa namna iliyo chungu zaidi.

Mnamo 1920 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea sayansi. Hapo ndipo kasi yake ilipodhihirika. Kati ya 1922 na 1923 aliichezea Scotland mechi saba za raga za kimataifa, kisha akauacha mchezo huo ili aelekeze nguvu zake kwenye riadha. Waliomtazama akikimbia walishangaa, kwa kuwa mtindo wake ulikiuka takriban kila kanuni ya ukufunzi. Alirusha kichwa nyuma, akaachama kinywa, huku mikono yake ikipunga hewa kama mtu anayepigana na nyuki. Lakini alishinda. Katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza ya mwaka wa 1923, alitimka yadi 100 kwa sekunde 9.7, na muda huo ulibakia kuwa rekodi ya Uingereza kwa miaka mingi.

Mwezi huo huo wa Julai, katika mashindano yaliyofanyika Stoke-on-Trent, Liddell aligongwa na mpinzani mwanzoni mwa mbio za yadi 440 na kuanguka. Kufikia wakati alipoinuka, wenzake walikuwa wametangulia kwa takriban yadi 20. Wengine wangetoka uwanjani kwa hasira na kukata rufaa. Yeye aliwafukuzia, akawapita mmoja baada ya mwingine, akashinda na kuanguka tena akiwa hoi bin taaban.

Pamoja na umaarufu huo, alikuwa kijana mwenye haya, asiyependa kusimama mbele za watu. Imani yake ilikuwa ya dhati lakini ya kimya. Mabadiliko yalikuja Aprili 1923, wakati mhubiri kijana aliyeitwa D.P. Thomson alipomwendea na kumwomba azungumze na wanaume wa Armadale, mji wa wachimba makaa ya mawe ulio kati ya Edinburgh na Glasgow. Thomson alijua kwamba wachimba migodi hao hawangekwenda kumsikiliza kasisi, ila wangekwenda kumsikiliza mchezaji wa raga wa timu ya taifa. Liddell alitafakari kidogo, akakubali. Usiku huo hakutoa hotuba ya kusisimua. Aliwaeleza tu, kwa lugha nyepesi, kile ambacho Mungu alikuwa kwake. Tangu siku hiyo, jina lake na imani yake havikutenganishwa tena.

Ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya 1924 ilipotolewa, Liddell alikuwa tegemeo kubwa la Uingereza katika mita 100. Ratiba ilionyesha kwamba mchujo wa mbio hizo ungefanywa Jumapili, Julai 6. Mbio za kupokezana vijiti alizotarajiwa kushiriki, za mita 100 mara nne na za mita 400 mara nne, nazo pia zilihusisha siku ya Jumapili. Alijiondoa katika zote.

Filamu ya Chariots of Fire, iliyotolewa mwaka wa 1981 na kutuzwa Oscar ya filamu bora, huonyesha kwamba Liddell alipashwa habari hizo akiwa anaabiri meli kuelekea Ufaransa. Hivyo sivyo ilivyokuwa. Alijua miezi kadhaa kabla. Tofauti hiyo si ndogo. Uamuzi wa ghafla huweza kutokana na jazba ya saa moja, ilhali wake ulilazimika kubebwa siku baada ya siku, katika mazoezi, katika mazungumzo na viongozi wa michezo, na mbele ya watu walioona kwamba anaisaliti nchi yake kwa sababu ya ukaidi wa kidini. Hakujibizana nao. Hakuwalaumu wenzake waliokubali kukimbia Jumapili, wala hakudai ratiba ya dunia nzima ibadilishwe kwa ajili yake. Alisema tu kwamba yeye hatakimbia, kisha akaanza kujinoa kwa mbio za mita 200 na 400.

Ni muhimu kuelewa kwamba mita 400 hazikuwa zawadi ya faraja aliyoandaliwa. Muda wake bora katika masafa yanayokaribiana na hayo, yadi 440, ulikuwa sekunde 49.6, na Wamarekani na Wazungu wengine walikuwa na kasi zaidi. Alipoiacha mita 100, hakuwa na hakikisho lolote kwamba angelipwa kwa nishani nyingine. Wanaokitumia kisa hiki kufundisha kwamba ukimheshimu Mungu ni sharti upate dhahabu husahau kwamba Liddell aliamua kabla ya kujua mwisho wa habari.

Jumapili ya Julai 6 ilipita bila yeye kuonekana kwenye mstari wa kuanzia. Siku iliyofuata, Mwingereza mwenzake, Harold Abrahams, alitwaa dhahabu ya mita 100. Jumatano ya Julai 9, Liddell alimaliza wa tatu katika mita 200 na kupata nishani ya shaba. Ijumaa, Julai 11, ikawa siku ya fainali ya mita 400 katika uwanja wa Colombes. Mmarekani Horatio Fitch alikuwa ameweka rekodi mpya ya sekunde 47.8 katika nusu fainali ya siku hiyo hiyo. Liddell alipangiwa leni ya nje kabisa, ambapo mkimbiaji hawaoni wapinzani wake na hawezi kupima kasi yake kwa kuwatazama. Kabla ya mbio, kama ilivyokuwa ada yake, aliwasalimia wapinzani wake kwa mkono mmoja baada ya mwingine.

Bunduki ilipolia alifyatuka kama anayekimbia mita 200. Wataalamu walitarajia angeishiwa na pumzi katika kona ya mwisho. Badala yake kichwa kilirudi nyuma, mikono ikapunga, na pengo likazidi kupanuka. Alikata utepe kwa sekunde 47.6, akiivunja rekodi iliyokuwa imedumu saa chache tu. Fitch alikuwa wa pili, naye Mwingereza Guy Butler akawa wa tatu.

Siku chache baadaye, Julai 17, alifuzu shahada yake Edinburgh. Mkuu wa chuo alimvika taji la majani mfano wa yale waliyovikwa mabingwa wa Ugiriki ya kale, na wanafunzi wenzake wakambeba juujuu hadi nje ya kanisa kuu la St Giles. Kila mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angeweza kukimbia kwa miaka mingine mingi, kuandika magazetini, kufundisha katika shule yoyote ya kifahari nchini Uingereza. Alitumia mwaka mmoja akisomea theolojia na kuhubiri katika miji ya Scotland, kisha mwaka wa 1925, akiwa na umri wa miaka 23 na mbio zake zikiwa zimekomaa, akapanda gari la moshi kuelekea China kuwa mwalimu.

Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kisa cha kweli kinapoanza. Kukataa kukimbia Jumapili moja mbele ya ulimwengu ni jambo kubwa, lakini ni la siku moja. Kufundisha sayansi kwa miaka 12 katika chuo cha Waingereza na Wachina jijini Tianjin, kusahihisha madaftari, kuwanoa wavulana kwa michezo na kusimamia shule ya Jumapili ni jambo dogo machoni pa watu, lakini ni la kila siku. Liddell aliyafanya hayo bila kunung'unika wala kujitia ukubwa. Mnamo 1932, alipokuwa Scotland kwa likizo, alitawazwa kuwa mchungaji. Mnamo Machi 1934, alimwoa Florence Mackenzie, muuguzi aliyekuwa binti ya wamishonari kutoka Canada. Walijaliwa mabinti wawili, Patricia na Heather, kabla ya mawingu ya vita kutanda.

Siri ya uthabiti wake haikuwa fumbo. Kila siku, kabla ya shughuli nyingine zote, alitenga muda wa kusoma Biblia, kuomba na kunyamaza akisikiliza. Hakusubiri apate nafasi, kwani alijua kwamba anayesubiri nafasi haipati. Aliamini kwamba maombi yasiyozaa utiifu ni maneno matupu. Kwa hivyo, alipohisi kwamba amemkosea mtu, alikwenda kutengeneza mambo, na alipohisi kwamba kuna jukumu analolikwepa, alilirudia. Hotuba ya Mlimani, iliyo katika Injili ya Mathayo, ilikuwa kwake kipimo cha mwenendo wa siku, si somo la kupendeza masikio. Mafunzo aliyoyaandika kuhusu nidhamu hiyo yalichapishwa miaka 40 baada ya kifo chake, mwaka wa 1985, katika kitabu The Disciplines of the Christian Life.

Nidhamu hiyo ilijaribiwa mwaka wa 1937. Shirika lake lilikuwa likiwahitaji watu Xiaochang, eneo la mashambani katika mkoa wa Hebei ambako kakake Robert alikuwa daktari. Palikuwa pahali pa umaskini, na sasa vita kati ya Japani na China vilikuwa vimepamba moto. Liddell hakukurupuka. Alisitasita kwa muda mrefu, kwa kuwa aliipenda kazi ya ualimu na alijua kwamba familia yake ingelazimika kusalia Tianjin kwa ajili ya usalama. Hatimaye alikwenda. Alizunguka vijijini kwa baiskeli na kwa miguu, akipekuliwa na wanajeshi wa Japani upande mmoja na kukutana na wapiganaji wa Kichina upande wa pili. Wanavijiji walimwita Li Mushi, yaani Mchungaji Li.

Mwanzoni mwa 1939 alipata habari kwamba mtu aliyejeruhiwa alikuwa amelala katika hekalu bovu, na wenyeji waliogopa kumhifadhi wasije wakaadhibiwa na Wajapani. Liddell alitafuta mkokoteni, akamfuata. Njiani kuelekea hospitalini aliambiwa kuhusu mtu mwingine, aliyekuwa amekatwa shingoni kwa upanga na wanajeshi wakamwacha wakidhani amekufa. Alimchukua naye pia na kuwasafirisha wote wawili mwendo wa maili nyingi hadi hospitali ya misheni. Wa kwanza alifariki dunia. Wa pili alipona, akawa Mkristo, na kwa kuwa alikuwa mchoraji hodari, akamtunuku Liddell picha ya maua aliyoichora kwa mkono wake. Hakukuwa na mwandishi wa habari wala kamera katika safari hiyo.

Kufikia 1941 hali ilikuwa imechacha kiasi kwamba Liddell na mkewe waliamua Florence, aliyekuwa mjamzito, aende Canada pamoja na mabinti wao wawili. Yeye angesalia kidogo, kisha awafuate. Binti yao wa tatu, Maureen, alizaliwa Septemba mwaka huo. Babake hakuwahi kumtia machoni. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani, na njia zote za kutoka zikafungwa.

Tusiipake jambo hili rangi ya asali. Uamuzi wa kubaki ulimnyima mke mume wake, ukawanyima watoto watatu baba yao. Wapo wanaouliza hadi leo ikiwa haikuwa heri angeondoka na familia yake. Swali hilo ni halali, na si la kujibiwa kwa wepesi na mtu aliyekaa kitini. Tunachojua ni kwamba Liddell hakudhani kwamba familia ni kitu duni cha kuachwa kando ili mtu amtumikie Mungu. Aliwatuma mbele akikusudia kuungana nao, na hadi mwisho aliwaandikia kila aliporuhusiwa, ingawa ujumbe uliopitia Shirika la Msalaba Mwekundu ulikuwa wa maneno machache yaliyohesabiwa.

Machi 1943, yeye pamoja na raia wengine wa mataifa hasimu ya Japani walipelekwa katika kambi ya Weihsien mkoani Shandong, pahali ambapo leo panaitwa Weifang. Ilikuwa misheni ya zamani iliyozungushiwa ukuta, na ndani yake walisongamana zaidi ya watu 1,500: wafanyabiashara, wamishonari, mapadri na watawa, wanamuziki, walevi, wanawake wenye watoto wachanga. Chakula kilikuwa haba, vyoo vilifurika, na faragha haikuwepo. Baadaye waliletwa pia wanafunzi wa shule ya Chefoo, wengi wao wakiwa hawana wazazi kambini humo.

Mahali kama hapo hufichua yaliyo moyoni. Langdon Gilkey, Mmarekani aliyefungwa humo akiwa kijana na baadaye akawa mwanatheolojia mashuhuri, alikiandikia kisa cha kambi hiyo kitabu kiitwacho Shantung Compound, kilichochapishwa mwaka wa 1966. Alieleza jinsi watu waungwana, wakiwemo watumishi wa dini, walivyogombania inchi chache za nafasi ya kulala na kuhodhi vyakula vilivyotumwa na Msalaba Mwekundu huku wakitafuta sababu nzuri za kuhalalisha uchoyo wao. Mtu mmoja aliyemstaajabisha kwa wema usiokuwa na unafiki alikuwa Liddell, aliyemkumbuka kwa ucheshi na upendo wake wa maisha, na hasa kwa saa alizowapa vijana jioni baada ya jioni.

Siku yake ilianza gizani. Kabla ya mapambazuko aliamka pamoja na mwenzake wa chumbani, wakawasha taa ndogo ya mafuta ya njugu, wakasoma Maandiko na kuomba. Baada ya hapo ilikuwa kazi. Aliteka maji, akawabebea wazee na wagonjwa mizigo. Alifundisha sayansi bila vitabu wala maabara, akiandika na kuchora kwa mkono masomo yote ya kemia ili vijana wasikose mitihani yao. Alikarabati magongo ya kuchezea kwa vitambaa vilivyoraruliwa kutoka kwa shuka. Husimuliwa pia kwamba mwanamke mmoja ambaye kambi nzima ilimdharau kwa sababu ya biashara yake ya zamani alimwomba amtengenezee rafu, naye akaitengeneza na kwenda zake bila kudai chochote. Watoto walimwita Mjomba Eric.

Ndani ya kambi hiyo ndimo kulikotokea jambo ambalo yeyote anayezungumzia Jumapili ya Paris anapaswa kulijua. Liddell aliandaa michezo ya vijana kila siku isipokuwa Jumapili. Vijana, waliochoshwa na siku ndefu isiyo na shughuli, wakaamua kucheza mpira wa magongo Jumapili bila yeye. Kwa kuwa hapakuwa na refa, mchezo ukageuka kuwa vita vya ngumi. Liddell alilitafakari jambo hilo. Jumapili iliyofuata, mtu aliyekataa kukimbia siku hiyo hata kwa ajili ya dhahabu ya Olimpiki alifika uwanjani mwenyewe, akawa refa.

Baadhi ya watu huenda wakaona kwamba hapo alilegeza kamba. Sivyo. Alikataa Jumapili ya Paris kwa kuwa kilichokuwa kikidai nafasi ya Mungu kilikuwa utukufu wake mwenyewe. Alikubali Jumapili ya Weihsien kwa kuwa kilichomwita kilikuwa watoto wasio na wazazi, waliokuwa wakiumizana. Katika siku zote mbili, yeye alijiweka nyuma. Aliielewa siku ya Bwana kuwa alama ya mpangilio wa moyo, na alikumbuka kwamba Bwana wake mwenyewe alilaumiwa kwa kuwaponya watu siku ya Sabato. Anayeshika amri ili aonekane mshika amri bado amejitanguliza mwenyewe.

Alipowafundisha vijana Hotuba ya Mlimani, walifikia mahali panapozungumzia kuwapenda adui. Vijana walitazamana. Adui walikuwa pale nje, wameshika bunduki. Liddell aliwahimiza waanze kuwaombea walinzi wa Kijapani, akiwaeleza kwamba mtu anayemchukia huwa amejiweka yeye katikati, lakini anayemwombea humweka Mungu katikati. Mmoja wa vijana hao, ambaye Liddell alimpa viatu vyake vilivyochakaa vya kukimbilia ili apate cha kuvaa wakati wa baridi, alikwenda Japani baada ya vita na kuwa mmishonari huko kwa miongo kadhaa.

Kuelekea mwisho wa 1944 Liddell alianza kuumwa na kichwa. Alisahau mambo, akatembea polepole, na tabasamu lake likafifia. Alidhani, na madaktari nao wakadhani, kwamba amechoshwa na kazi nyingi. Lililomsumbua zaidi ni hofu kwamba huzuni aliyokuwa nayo ni upungufu wa imani. Hakujua kwamba alikuwa na uvimbe katika ubongo. Februari 21, 1945 alimwandikia Florence ujumbe mfupi akimwarifu kwamba huenda amefanya kazi kupita kiasi. Jioni ya siku hiyo alifariki dunia katika hospitali ya kambi akiwa na umri wa miaka 43. Kando yake alikuwa muuguzi ambaye walifanya kazi pamoja Xiaochang, na maneno yake ya mwisho yalihusu kujisalimisha kikamilifu kwa Mungu. Alizikwa ndani ya kambi, kaburi lake likiwekwa msalaba wa mbao. Miezi sita baadaye, Agosti 17, askari wa miavuli wa Marekani walishuka kutoka angani na kuwakomboa mahabusu.

Florence, aliyekuwa Canada akimngoja, alipata habari za msiba huo mwezi Mei. Aliwalea mabinti zake watatu kwa jasho la uuguzi. Mwaka wa 1991, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilisimamisha jiwe la ukumbusho la matale ya Scotland mahali palipokuwa kambi hiyo. Jijini Edinburgh, kituo chenye jina la Liddell huwahudumia wazee na watu wenye maradhi ya kusahau. Pengine huo ni ukumbusho unaomfaa zaidi kuliko sanamu, maana hata wanaohudumiwa humo hawawezi kumlipa anayewahudumia.

Tunajifunza nini basi? Wengi wetu hatutawahi kuombwa tuchague kati ya Mungu na nishani ya Olimpiki. Mitihani yetu ni midogo na haiishi. Kuna mfanyabiashara anayeamua ikiwa atapunja mizani. Kuna mfanyakazi anayerudi nyumbani amechoka, akakuta mtoto anataka kusikilizwa. Kuna mshirika wa kanisa ambaye hakosi ibada hata moja ilhali hajasemezana na nduguye kwa miaka mitatu. Katika mambo hayo ndimo hudhihirika kilicho mbele na kilicho nyuma katika maisha ya mtu, na hakuna gazeti litakaloandika matokeo.

Maisha ya Liddell yanaonyesha kwamba hatua ya kwanza huwa asubuhi, kabla ya kelele za siku. Aliyezoea kumpa Mungu dakika za kwanza za siku za kawaida hakutatizika alipotakiwa kumpa mbio zake, na aliyempa mbio zake hakushindwa kumpa jioni zake katika kambi ya wafungwa. Hata alipoishiwa na nguvu za kuomba, mazoea ya miaka mingi yalimshika mkono. Dhahabu ya Paris aliipata kwa sekunde 47.6. Iliyobaki aliitafuta kwa maisha yake yote, alfajiri moja baada ya nyingine, na mlango huo ungali wazi kwa yeyote atakayeamka kesho.